Blauzi ya Siku ya Chanjo

Mimi ni fundi cherehani, na fundi asiyeweza kuinua mkono wa kulia ni sawa na kinyozi kipofu. Miezi minane sasa, tangu nichomwe chanjo, bega langu limegoma. Daktari alisema sindano iliingia juu mno, ikaumiza kiungo. Akanishauri niombe fidia, nipate kulipia matibabu kabla bega halijakakamaa kabisa.

Kwenye ofisi ya fidia, karani alipekua fomu yangu akaweka kidole penye nafasi tupu. "Mama, hapa panatakiwa maelezo ya muuguzi aliyekuchoma. Bila hayo faili halisogei. Na mwisho ni Ijumaa."

Muuguzi mwenyewe ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Tangu nilipomwambia "umeniua mkono", hatusalimiani.

Alhamisi nikameza kiburi, nikampelekea fomu nyumbani kwake. Alinipa kiti, neno hakunipa. Akaisoma amesimama.

"Nikiandika nilikosea, wifi, kazini watanifanyaje?"

"Usipoandika, mimi nitashona kwa miguu?"

Papo hapo nikaona haya, maana kuna jambo hata daktari sikumwambia. Siku ile ya chanjo nilivaa blauzi niliyojishonea mwenyewe, mikono imebana kama soksi, haipandi. Wifi aliniambia nikaivue nyuma ya pazia. Nikakataa, wateja wangu wananisubiri. "Choma hapahapa, kwani leo ndiyo unaanza kazi?" Basi akavuta shingo ya blauzi, akachoma palipoonekana, juu kabisa ya bega. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi nilificha bega nikazaa maumivu.

"Andika na blauzi," nikamwambia. "Andika kwamba nilikataa kuvua. Wakininyima, basi."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie. Akaketi, akaandika polepole, akasaini, akanisogezea fomu. Nikasoma: "Nilijua mahali sahihi pa kuchoma. Nilichoma juu mno. Kosa ni langu."

"Na blauzi je?"

"Blauzi haikushika sindano, wifi."

Machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Nikamkumbatia kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia akaushika yeye, akauinua taratibu hadi pale unapofika, akainama ili ufike shingoni kwake.