Soseji ya Ijumaa Kuu

Mbwa wetu Putol alianguka Alhamisi Kuu asubuhi, majirani wakiwa sebuleni wanapokezana kuimba Mateso ya Bwana. Alikuwa anatoka jikoni kuja kunilaki, miguu ya nyuma ikamwishia nguvu, akalala sakafuni kama tambara. Jana yake tu alikuwa anafukuza kuku. Nilipomwinua ufizi wake ulikuwa mweupe na moyo ulipiga taratibu mno, nami sikuelewa kitu.

Sikuelewa kwa sababu ugonjwa wake tulishaumudu. Dokta Arsenia Tupas, daktari wa mifugo wa nyuma ya soko, alishatueleza kwamba tezi zilizo juu ya figo zake hazitoi homoni ya kutosha, ile inayoushikilia mwili wakati wa misukosuko na kuweka sawa chumvi ya damu. Alitupa vidonge vya kila asubuhi, vya maisha yake yote. Akivimeza, alisema, ataishi kama mbwa yeyote, na kweli aliishi.

Kazi ya kumpa ilikuwa ya bibi yangu Isidra. Kabla hatujamwokota, Putol aliwahi kulishwa sumu sokoni, na tangu hapo haamini chakula mpaka amwone bibi akikila kwanza. Kwa hiyo kila asubuhi bibi alikaanga soseji ya kitunguu saumu, akang'ata nusu, akaitafuna mbele yake, kisha akamtupia nusu nyingine yenye vidonge. Putol aliimeza nzima nzima.

Nilimkimbiza kwa dokta, akamtundikia dripu, akamchoma sindano, akaniuliza kama amekosa dawa. Nikasema hajakosa hata siku moja. Akauliza tena, nikaapa.

"Basi hata mimi sielewi, Belen," akasema. "Mwili huu ni wa mbwa asiyepata dawa."

Nilimwacha Putol kwake, nikarudi nyumbani kichwa kinazunguka. Mara nilidhani dawa ni feki, mara nikamshuku dokta mwenyewe, mara nikamshuku Mama Goring, jirani yetu aliyewahi kuliwa kuku na Putol. Bibi nilipomuuliza alikasirika. Alisema dawa anampa kila siku kwa mkono wake, na Mungu ni shahidi. Bibi yangu hasemi uongo, sembuse wiki hiyo. Nilimwamini, na huko kumwamini ndiko kulikozidi kunichanganya.

Ijumaa mchana Putol aliruhusiwa, akitembea kwa kuyumba. Niliagizwa ameze vidonge vyake leo hii. Akivikataa nimrudishe upesi, maana sindano itaisha nguvu na safari nyingine huenda moyo usimsubiri mtu. Nilisogeza kabati la jikoni nimtandikie gunia. Nyuma ya mguu wa kabati nikaviona vidonge, vimevimba, vimejaa sisimizi, vya siku kadhaa.

"Bibi, wiki hii dawa unamtilia kwenye nini?"

"Kwenye samaki." Alinishangaa. "Si Wiki Kuu hii? Nyama haipikwi humu. Niliweka nadhiri babu yako alipopona ugonjwa wa moyo, na wewe unajua."

"Na mbwa naye aliweka nadhiri?"

"Kwani anakaa nyumba gani?"

Samaki ni laini. Putol alikuwa anamla na kuvitema vidonge pembeni, tena kwa adabu zake. Nilimtilia kwenye wali, akageuza uso. Nikamfumbua taya kwa nguvu, akanitapikia mkononi. Nikatoa soseji za Pasaka kwenye friza, nikakaanga moja, nikaing'ata mwenyewe mbele yake. Alinitazama kama mgeni.

Harufu ya kitunguu saumu ilikuwa imeshafika sebuleni. Mama Goring akachungulia na kitabu chake cha nyimbo kwapani. "Jamani, huko jikoni bado kuna Wakristo?"

Putol alikuwa ameanza kutetemeka. Nilimwambia bibi kwamba sitamlazimisha ale nyama, nitamrudisha Putol kwa dokta, lakini sauti yangu yenyewe ilikuwa inamlazimisha. Nilijichukia kwa hilo. Sikujua kipi ni dhambi pale, kula au kutokula.

Bibi alichukua soseji nyingine, akapachika vidonge ncha moja.

"Sogea, mjukuu wangu," akasema.

Akapiga magoti, akang'ata, akatafuna polepole mdomo wazi ili Putol aone vizuri, akameza. Kisha akamtupia kilichobaki. Putol alikidaka na kukimeza palepale, akalamba sakafu.

Nilitaka kumkumbatia bibi, lakini hakuwa nasi. Alibaki magotini, mafuta mdomoni, ameelekeza sikio sebuleni ambako zamu ya kuimba ilikuwa ya babu. Babu aliimba ubeti mzima, na kila alipokatiza kuvuta pumzi, bibi naye aliacha kupumua mpaka sauti ile irudi.