Moto Haiko

Ile ampli, sanduku la kukuza sauti, niliichukia tangu siku ya kwanza. Hyacinthe, mwenye baa ambamo minye na mama mkwe wangu Nkeshimana tulikuwa tunapika, aliinunua imeshatumika, kwa sababu Jumapili wanamuziki wa Usumbura walikuwa wanakuja na gitaa ya umeme. Kila alipoiwasha, fizibli, ule waya mwembamba unaoungua umeme ukizidi, ilikatika. Pa! Lampu zake za ndani, zile za kioo, zote zinazimika. Akamwita mume wangu, Révérien, fundi wa radio, na huku anacheka akatuambia kwamba fundi wa Kamanyola aliyeishika kabla yake alikufa mikono ikiwa ingali ndani.

"Na weye unacheka?" nikamwuliza. "Muntu amekufa, unacheka?"

Niliogopa, sifichi. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na usiku nilimwona Révérien amelala kifudifudi juu ya sanduku lile. Nikamwomba aikatae kazi. Akasema kitu kinachoua watu ndicho kinachotaka fundi. Kichwa ngumu, mume wangu!

Alifanyia kazi ndani ya depo, chumba cha kuwekea vitu, nyuma ya jiko letu. Swichi kubwa ya nyumba yote ilikuwa ukutani kwa jiko, kwa hiyo minye ndiye nilikuwa naishusha. Na yeye, kabla ya kutia mkono ndani, lazima apige kelele kuulizia umeme: "Moto iko?" Minye najibu: "Haiko!" Ndipo anagusa. Tena anagusa kwa mkono mmoja tu, wa kushoto ukiwa mfukoni.

"Bwana mukubwa anatembelea shamba lake," nilimtania.

"Mikono miwili ikishika, moto inapita katikati, kwa roho, humu kifuani," akanijibu. Hakucheka. Tangu hapo hata minye sikucheka tena.

Hyacinthe alichoka kungoja. "Funga pale kwa fizibli karatasi ya sigara, ile inayong'aa. Itapita tu!"

"Fizibli inakufa ili weye usikufe," Révérien akamwambia, akamfukuza kwa depo yake mwenyewe.

Alichomoa lampu moja kubwa, fizibli ikavumilia. Akairudisha, pa! Akajua ugonjwa uko mbele ya lampu hiyo, akafuata nyaya polepole mpaka kwenye kopo dogo lililovimba na kutoa nta. Jumamosi, jua likiwa kali, akaweka lingine alilolitoa kwa radio ya zamani. Ilibaki kukaza skrubu ya mahali fizibli inapokaa. Uso wake uling'aa kwa furaha.

Nilishusha swichi, nikamwambia nimeishusha, nikaenda ziwani kuteka maji.

Wakati wa kurudi, ndoo kichwani, nikaona taa ya baraza inawaka. Mchana kweupe! Baadaye nilijua: Hyacinthe alitafuta chupa zake ndani ya giza ya kaunta, akaingia jikoni, akapandisha swichi, akaenda zake. Wakati ule sikujua kitu. Nilijua tu kwamba moto iko.

Na kupitia dirisha nikasikia sauti ya mume wangu: "Moto iko?"

Mama mkwe alikuwa uani, mgongo kwa jiko, ameinama juu ya mbabula, kile kijiko cha makaa, anapuliza makaa yaliyokataa kuwaka. Alijibu kwa upole, kama mama anavyomjibu mwanawe mwenye njaa: "Haiko, mwanangu. Imezimika."

Mawe, mama yangu! Nilitupa ndoo. "Usiguse! Révérien, usiguse!" Nilikimbia na tumbo langu. Kabla sijafika mlangoni nikasikia kishindo, kisha bisibisi ikianguka kwenye simenti. Nikavuta swichi kwa mikono yote miwili.

Alikuwa amelala kando ya magunia ya mihogo, macho yamefunguka, hayanioni. Vidole vya kuume vilikuwa vyeusi. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mfukoni. Nilimwita kwa jina, nikamwita baba ya mutoto, nikampiga makofi. Hakuna.

Mama mkwe akasimama mlangoni, majivu mikononi. Aliangalia swichi, akamwangalia mwanawe, na nikaona anaelewa.

"Nilisema makaa," akanong'ona. "Capitoline, minye nilisema makaa!"

Akapiga magoti, akatia mkono wake chini ya shati ya Révérien, akauacha pale kifuani. Nje kuku walikuwa wanakunywa maji niliyoyamwaga. Nilisali bila maneno.

Kisha mama mkwe akanigeuzia uso.

"Iko," akasema. "Moto iko, binti yangu. Moto iko."

Révérien akakohoa. Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, polepole, akautafuta wangu.