Ujumbe wa Zamu ya Mwisho

Feni za seva zilinyamaza zote kwa pamoja, na fundi akaikodolea macho skrini iliyozimika. Ndipo alipokumbuka hatua aliyoiruka.

Yeye na marehemu mumewe walikuwa wakipokezana zamu katika chumba hiki chenye baridi, huyu akiingia yule akitoka. Wakazoea kuachiana maneno humo humo kwenye kumbukumbu za seva, katikati ya taarifa za mashine. "Feni ya pili inanung'unika kuliko wewe." "Chai ipo kwenye chupa, usiwagawie wachoyo." Mengine hayakuwa ya kusomwa na bosi.

Ujumbe wa zamu ya mwisho hakuwahi kuusoma. Mumewe alianguka njiani akirudi nyumbani, na tangu mazishi, kila akitaka kuufungua, alijiambia kesho. Alikuwa amemwahidi mavyaa yake, mama mzazi wa mumewe: "Tutausoma pamoja, mama. Nikipata nguvu."

Asubuhi hii bosi alikuja mlangoni. "Dada, hatuwezi kuahirisha tena. Seva iwashe upya leo."

Maneno yote yale yalikuwa katika hifadhi ya muda, inayofutika seva ikizimwa. Fundi alijikaza kisabuni. Akaielekeza seva iandike kumbukumbu zake kwenye diski, akahakikisha, akaizima. Lakini mpangilio ule ulikuwa wa yatakayokuja. Ya zamani yalihitaji amri yake ya pekee, ya kuyahamisha kabla ya kuzima. Amri fupi tu, na siku zote aliyeitoa alikuwa mumewe.

Seva iliamka, ikaandika taarifa zake za kwanza, ikazihifadhi vizuri kabisa. Kuanzia sasa isingesahau kitu. Fundi alitafuta ya nyuma, akatafuta tena, na hapakuwa na nyuma. Alilia kwa sauti, mlango ukiwa wazi, wala hakujali nani anasikia.

Nyumbani mavyaa yake aliyaona macho yaliyovimba, akadhani ameelewa. Akampisha kwenye kochi.

"Umeusoma bila mimi," alisema, bila lawama. "Haidhuru. Alisemaje mwanangu?"

Fundi alifungua mdomo aseme ukweli. Yule mama alikuwa amemkazia macho, ameacha hata kupumua.

"Alisema amechoka kidogo," fundi alianza. Akamsogelea. "Na kwamba nisikuache ule peke yako, mama."

Mavyaa alimshika mkono.

"Rudia," akasema. "Polepole, nisije nikasahau."