Miti Bila Ardhi

Siku ya kugawa mirathi ya Mzee Marhoun, mwanawe Nassor alikwenda mjini Konde asubuhi akanunua kopo la rangi nyekundu na brashi. Marehemu alikuwa ameacha shamba moja lenye nyumba ndani yake, mikarafuu thelathini na sita, na watoto wawili: Nassor na mdogo wake, Tamima, aliyerudi kwa baba yake baada ya kuachwa na mumewe, akamuuguza mzee miaka sita. Sheria haikuwa na utata. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja, kwenye miti na kwenye ardhi vilevile.

Wanaume walikaa barazani pamoja na Sheha Jaribu, mwenye karatasi na kalamu. Tamima alikaa ndani, nyuma ya pazia.

"Tamima," Nassor aliita, "weye ardhi waitakia nini? Hulimi, hujengi. Chukua mikarafuu kumi na miwili, fungu lako kamili la miti. Udongo niachie miye."

Pemba mkarafuu waweza kuwa wa huyu na ardhi ya yule, na watu wakaishi hivyo mpaka wajukuu. Nassor alilijua hilo vizuri. Nyuma ya pazia Tamima akatamka neno moja.

"Haya."

Sheha akaandika: *Ameridhia. Miti bila ardhi.* Tamima alikusudia haya ile nyingine, ile aliyonyimwa kaka yake tangu utotoni. Lakini kalamu ilikwishapita, na yeye alilelewa kutopaza sauti mbele ya wageni. Jioni Nassor akaipaka miti kumi na miwili mstari mwekundu. Alichagua ile mizee, pamoja na ule uliofunika kaburi la baba yao.

Msimu ulipofika, miti yenye mstari ilizaa kuliko yote. Tamima akaja na wachumaji na majamvi ya kuanikia. Nassor alikuwa amesimama njiani.

"Miti yako, sikukatazi," alisema. "Ila udongo wangu usiukanyage. Na miti yako nayo isiukanyage."

"Kaka Nassor, sasa nti wa mkarafuu utasimama wapi?"

"Hilo muulize aliyeridhia."

Alhamisi, baada ya adhuhuri, mikarafuu kumi na miwili iliondoka ardhini. Ilipanda taratibu, ikakung'uta udongo wote mizizini hata chembe ya mwisho, ikabaki inaning'inia usawa wa paa. Kila mmoja uliacha shimo. Wachumaji waliegemeza ngazi, wakaona hazifiki, wakahamia kwenye miti ya Nassor. Karafuu za Tamima zikaiva zikapita kiasi, zikaanza kudondoka. Nassor alizizoa. Kilichoanguka kwenye udongo wake kilikuwa chake.

Sheha Jaribu aliitwa. Akatazama juu, akatazama chini, akasoma karatasi mara mbili.

"Miti ipo, ardhi ipo," alisema. "Kila mtu na chake."

Wiki iliyofuata nyayo za Tamima ziliacha kugusa sakafu. Nyumba ilikuwa ndani ya shamba, na shamba lilikuwa la Nassor. Alitembea juu kidogo ya saruji, unene wa kidole, akapika na kufagia kama kawaida. Aliogopa kwamba paji la uso wake halitafika chini kwenye sijida, lakini mswala ulikuwa wake mwenyewe, nao ukapanda pamoja naye. Jambo hilo lilimliza.

Mashimo hayakufukika. Kila mvua iliponyesha yalirefuka, mpaka yakawa na urefu wa mtu na upana wa mtu. Nassor alipanda muhogo kwenye kumi na moja. La kumi na mbili, kando ya kaburi la baba yake, aliliacha wazi, na watu wakapita mbali nalo bila kuambiwa.

Wakati wa masika Tamima alianza kukohoa damu. Akamwita kaka yake na Sheha barazani, naye akakaa nao, kwani pazia alikuwa amelishona likawa shuka.

"Miye siombi shamba," alisema. "Naomba lile shimo lililo wazi. Nizikwe karibu na baba."

Nassor alilia. Alimpenda dada yake, kwa namna yake. Kisha akajifuta machozi, akaitoa karatasi mfukoni akampa Sheha.

"Kaburi ni ardhi," Sheha alisema baada ya kusoma.

"Nami sikuandika miye," alisema Nassor.

Tamima alitoka uani akatazama juu, mti kwa mti. Alisimama muda mrefu chini ya ule wa kaburi la baba yake, ambao mizizi yake ilikuwa minene na imesokotana kama kitanda cha kamba. Mtu mzima angeweza kulala pale bila kudondoka.

"Huu," alisema. "Andika usikatwe."

Sheha akaandika. "Na mengine yote, waridhia?"

Tamima alimgeukia kaka yake, akamkazia macho mpaka Nassor akainamisha uso.

"Haya," alisema.

*Ameridhia*, Sheha akaandika, akaweka na tarehe. Nassor akaenda kwa jirani kuazima ngazi ndefu zaidi.