Kubadilishana Wakwe

Niliona doa kwenye kitambaa, nikarudi ndani mbio kama mtu aliyeiba. Mama mkwe wangu alikuwa amekianika kwenye kamba iliyo mbele ya jiko langu. Vitambaa vyake nilishaviona hapo mara nyingi, lakini kwa adabu nilikuwa nikigeuza uso. Siku hiyo upepo wa vumbi ulikipeperusha, na doa lile halikuwa la chai. Mwanamke aliyeacha kuona siku zake mimi sijaolewa bado, damu ya nini tena?

Jibu nilikuwa nalo, na ndilo lililonitia baridi. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Wanawake wa nyumba za juu, kwenye lami, wanakwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kama wanavyokwenda saluni. Sisi wa bondeni tunangoja maumivu, na maumivu yakija, ndugu wanaanza kuulizana nani ana gari. Ndiyo maana kituo cha afya kikatuchagua wa hukuhuku tubishe hodi nyumba kwa nyumba. Na nimebisha hasa. Kuna bibi alinifukuza kwa fagio, nikarudi kesho yake na fagio langu. Haya sina.

Isipokuwa kwa mama mkwe. Unaanzaje kumuuliza mama aliyemzaa mumeo habari za chini ya kitovu? Nilimpelekea chai.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama tu, mwanangu."

Aliniangalia kwa muda, kikombe mkononi, kama anayengoja. Nikaokota sahani ambayo haikuwa chafu, nikatoka.

Mwenzangu wa kazi, ambaye bonde zima linamwita Kiherehere, alinisikiliza akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hata mimi wangu sijamgusa! Nampita kama kituo cha polisi. Basi tubadilishane. Wewe nenda kwa wangu, mimi niende kwa wako."

Tukabadilishana wakwe mchana uleule. Wa kwake alinibishia, akanitania, akaniuliza kama na mimi nimepimwa, mwishowe akakubali. Nilitoka pale nimefurahi. Kisha nikamwona Kiherehere anakuja, na hacheki.

"Amekataa?"

"Amekubali. Hakubisha hata neno moja. Amechukua mtandio, akauliza tunakwenda saa ngapi."

Hakuna anayekubali hivyo. Wote wanabisha kwanza, hata wazima, hasa wazima.

Kiherehere alimpeleka mama kituoni. Nesi alimchunguza, akaandika waende hospitali kubwa akakatwe kinyama kidogo kikapimwe. Jioni nilipomfuata nesi nikamuuliza pembeni, alisema, "Kama tumewahi, inatibika." Akakazia lile neno kama. Usiku nililala macho, mume wangu anakoroma, nami namwonea wivu kwa asichokijua.

Hospitali tulikwenda watatu. Mimi nilibeba mkoba, macho sakafuni, mkwe mwema kabisa. Kiherehere alitoka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Mlango ukafunguka.

"Nani anaingia na mgonjwa?" daktari aliuliza.

Niliinuka haraka. Mama akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwita mwenzangu, mama. Ndiye aliyekuwa na wewe."

"Yule mama wa watu nilimkubalia kwa kuwa wewe hukuja."

Sikuelewa. Akavuta pumzi, akaongea huku anautazama ukuta, maana na yeye alikuwa na haya zake.

"Kamba yangu iko nyuma ya nyumba, unaijua. Unadhani vitambaa vile nilivileta mbele ya jiko lako kwa sababu ya jua? Nilisema, huyu ndiyo kazi yake. Ataona, ataniuliza. Mimi nitaanzaje kumwambia mke wa mwanangu?"

Nikaweka mkoba chini.

"Umeanza lini kuanika pale, mama?"

"Kabla mvua hazijaanza."

Dirishani majani yalikuwa yamejaa vumbi. Mvua zilikuja, zikanyesha, zikaisha, na mimi nageuza uso kwa adabu. Nilitaka kulia, nikaogopa kwamba akiniona nalia ataelewa mahesabu ninayoyapiga. Daktari akaita tena. Nikamshika mama mkono, tukaingia.