Vipande Vilivyovunjika

Mfungashaji alibonyeza kwa kidole gumba, chokoleti nyeusi ikakatika, akaitupa kwenye ndoo huku akijitia hamnazo. Pale kiwandani, zilizo nzima huuzwa. Zilizovunjika hugawiwa wafanyakazi. Tangu asikie redioni kwamba chokoleti nyeusi huenda ikausaidia moyo, kidole chake kilikuwa hakipumziki.

Mumewe, fundi viatu aliyeachishwa kazi na presha, alikuwa akimngoja mlangoni mwa nyumba yao.

"Daktari wangu huyo," alisema, akaachama mdomo.

"Tafuna polepole, baba watoto. Vidonge umemeza?"

"Nawe kwa maswali! Nimemeza."

Alikunja uso kwa ule uchungu wa chokoleti, kisha akacheka. Mkewe aliona raha kumlisha. Miaka yote alikuwa akipokea kutoka kwa mwanamume huyu. Leo na yeye alikuwa na cha kumpa. Hakuuliza tena kuhusu vidonge.

Asubuhi moja mume alianguka akifunga kamba za viatu. Kiharusi, walisema hospitalini. Mkono na mguu wa kulia vikawa havimsikii. Nesi alipouliza kuhusu vidonge, mke aliapa kwamba mumewe hajawahi kukosa hata kimoja. Mgonjwa akatikisa kichwa.

"Niliacha," alisema, maneno yakimtoka kwa taabu. "Vilinichosha. Si ulikuwa unaniletea chokoleti yako?"

Nesi akashusha pumzi. "Mama, chokoleti si dawa ya presha. Kama inasaidia, ni kidogo tu, tena juu ya vidonge, si badala yake. Nani alimwambia aache?"

Hakuna aliyemwambia. Hilo ndilo lililomkata maini mfungashaji. Laiti angekuwa amemshauri vibaya, angalau angejua neno la kujutia. Yeye alimpenda tu, akamlisha, na mwenzake akamwamini kupita kiasi. Alijichukia, na kidogo alimchukia mumewe pia.

Jioni nesi alimpa mke kidonge na kikombe cha maji. "Jaribu wewe. Sisi ametukatalia."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akakisogeza kidonge. Mume akafumba mdomo.

"Baba watoto, tafadhali. Kwa ajili yangu."

Hata hakukitazama. Alinyoosha mkono wake mzima, akaanza kupapasa ndani ya mkoba wa mkewe, akitabasamu kwa upande mmoja wa uso.