Akanyonyeshe

Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni tena. Dobi akakunja mikono kifuani, lakini wakili aliyepewa na mahakama alikwisha kuona, akageuzia macho ukuta wa mahabusu.

"Dada, ukikiri, leo unalala kwako. Kifungo cha nje. Ukikataa, unarudi rumande, na hakimu ana mafaili mpaka kooni."

"Lakini zile shuka za hoteli sikuiba mimi."

"Nakuamini. Kuamini kwangu hakukutoi humu."

"Na hilo la rufaa?"

"Hutakata rufaa. Ndilo sharti la upande wa mashtaka. Ukishakiri, yamekwisha."

Muuza gongo aliyekaa sakafuni akacheka. "Kiri mwaya, ukanyonyeshe. Hata huyo hakimu alinyonya."

Kule kazini kwake, kwenye ufuaji wa shuka za hoteli na hospitali, mashine zilinguruma kutwa. Msimamizi akikuambia neno, unaitikia kwa kichwa kwanza, halafu unamtazama mwenzako anafanya nini. Kizimbani alifanya vivyo hivyo. Hakimu alisoma mbio mbio, naye akaitikia kwa kichwa kila aliposita.

"Sema kwa sauti. Kosa umelikiri kwa hiari, na rufaa umeiacha kwa hiari?"

"Ndiyo, bosi."

Watu wakaangua kicheko. Kwenye benchi la nyuma mama mkwe aliinamia kichwa cha mtoto. Huko nje alimkabidhi Dobi mtoto bila salamu.

"Mnyonyeshe. Uwe mwizi, usiwe mwizi, maziwa ni yake."

Wiki iliyofuata mwenzake wa kazini alikuja anahema: shuka zimeonekana. Zilipakiwa kimakosa kwenye lori la hospitali, na huko wagonjwa wamezilalia muda wote huo. Dobi alimkimbilia wakili, akamkuta kwenye korido ya mahakama.

"Afadhali," wakili alisema, akiangalia viatu vyake. "Ila ulikiri, na rufaa uliiacha. Nikipeleka ombi wataniuliza, nani alimlazimisha?"

"Nani, kaka?"

Wakili alikuwa anaitwa chumba kingine.

Jumatatu Dobi aliripoti kwa afisa wa wafungwa wa nje. Mama mkwe alikaa karibu naye, mtoto begani.

"Tunaanza na ukweli," afisa alisema. "Shuka ulimuuzia nani?"

"Sikuuza, mheshimiwa. Zimepatikana, ziko hospitali—"

"Mama, ulikiri mwenyewe. Ukigeuka sasa, naandika kwamba hujajuta, unarudi ndani. Huyo mtoto atanyonya wapi?"

Alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa akimfuta mtoto mdomo ambao haukuwa na kitu.

Dobi alipekua kichwani, akamtafuta mtu ambaye pingu haziwezi kumfikia.

"Baba yangu," akasema. Mzee alizikwa yeye akiwa rumande. Hakupewa ruhusa hata ya kwenda kutupa udongo. "Nilimuuzia baba yangu. Amefariki."

"Jina lake?"

Akalitaja lote, mpaka la ukoo. Afisa akamwomba alirudie, polepole.